Wazee Wote Walifaulu

Watu wakisikia fulani ni daktari wa ubongo, wanadhani ana koti jeupe na gari. Wetu hakuwa na gari, na koti lake lilikuwa la mvua, la kijani, ambalo zipu yake ilikufa akiwa bado mwanafunzi. Alikuwa daktari wa vitabu, yaani amesoma mpaka uzamivu. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa idara yake chuoni. Nimekalia kiti kile miaka ishirini na miwili, tangu enzi za tapureta, ndiyo maana mpaka leo naitwa Mama Taipu, ingawa tapureta yenyewe siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Nieleze jambo moja ambalo hata ndugu zake hawakulielewa. Mtu akimaliza uzamivu katika sayansi ya ubongo, hajamaliza. Anavalishwa joho, anapigwa picha, mama yake analia kwa furaha, halafu Jumatatu anarudi kuketi kwenye meza ileile bila kazi. Ili awe mtafiti kamili lazima apate nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, na nafasi hizo ziko mbali, kwenye vituo vyenye mashine za kuupiga picha ubongo ukiwa unafikiri. Anakaa huko miaka miwili mitatu chini ya mkubwa fulani, na akirudi ndipo milango inapofunguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa huinama mpaka kiuno kinagoma. Tena nafasi zenyewe zina ukomo wake. Ikipita miaka mitano tangu upate shahada yako, hakuna anayekutazama tena, kama maziwa ya juzi.

Daktari alikuwa mwaka wa tano. Mara ya kwanza alipoomba, barua ya Profesa ya kumdhamini ilichelewa siku mbili kwa kuwa Profesa alikuwa safarini na hakutaka kusumbuliwa. Mara ya pili walimjibu kwamba waombaji walikuwa mia nne na kwamba wanamtakia kila la heri. Barua zote hizo nilizichapa mimi na majibu yake niliyafungua mimi. Nilishajua kulitambua jibu baya kwa wembamba wa bahasha, na walipoanza kutuma kwa kompyuta nikawa nalitambua kwa urefu wa salamu.

Baba yake alikuwa fundi bomba. Miaka yake ya mwisho alikuwa anatoka na spana kwenda kutengeneza bomba alilolitengeneza jana yake, na akawa anamwita binti yake, huyu Daktari wetu, kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Majirani walisema ni uzee tu. "Dada," aliwahi kuniambia Daktari tukinywa chai ofisini, "hilo neno 'uzee tu' ndilo lililomuua baba. Kama angetokea mtu mmoja wa kusema huu ni ugonjwa, tungempeleka mahali." Alisema hivyo mara moja tu, lakini kila alichokifanya baadaye kilitoka hapo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alichagua wazee sitini katika mtaa mmoja ulio nyuma ya karakana za reli, na kila mwaka baada ya mvua tulipita nyumba kwa nyumba, yeye na mimi. Taratibu zilitaka watu wawili, mmoja asome na mwingine aandike, ili msomaji asijidanganye. Wa kuandika hakupatikana, nikajitolea. Basi yeye alikuwa anaketi mbele ya mzee, magoti yakikaribia kugusana, na kusoma maneno kumi polepole: pazia, mbuzi, chumvi, daraja, barua, kisigino, ufagio, radi, mgeni, sabuni. Mzee anayarudia. Kisha wanapiga soga dakika ishirini, mzee anachora uso wa saa, halafu anaulizwa: "Yale maneno ya mwanzo unayakumbuka?" Mimi naweka alama. Aliyepungukiwa maneno matatu kuliko mwaka uliopita alitakiwa kupelekwa kliniki ya ubongo hospitalini, bila foleni, kwa barua ya Daktari. Hiyo barua ndiyo aliyojivunia kuliko kitu kingine chochote. Alinichapisha mia moja, zikakaa kabatini zikisubiri majina.

Maneno yalikuwa yaleyale kila mwaka. Nilimsikia akimwomba Profesa, mkuu wa idara yetu na mwenye orodha hiyo, kwamba wawe wanabadilisha. Profesa akacheka. "Binti, ukibadilisha mizani kila mwaka, utajuaje nani kapungua?" Naye alikuwa mtu wa kutii, tena mno.

Nyumba ya kwanza, mwaka wa kwanza, ilikuwa ya Bibi Cherehani. Alikuwa ameshona sare za shule za mtaa mzima, na bado alikuwa na sindano mbili kifuani mwa gauni. Alikumbuka maneno manne. Alipoambiwa asante, alijaribu kucheka, kisha akageuka kumtazama mke wa mwanawe aliyesimama mlangoni mwa jikoni, na machozi yakamtoka. "Nimeaibika mbele ya mkwe wangu," alisema. Daktari akamshika mikono akamweleza kwamba huu si mtihani, hakuna kufaulu wala kufeli. Lakini ukimkalia mtu na karatasi na kalamu ukamuuliza maswali, umweleze utakavyo, yeye anajua kabisa kwamba huo ni mtihani.

Daktari alipokuwa anafunga mkoba, yule mkwe alinisindikiza nje. Alikuwa mwanamke mchangamfu, ndiye aliyepanga foleni ya kina mama bombani, na sauti yake ilitosha foleni tatu.

"Mama Taipu, sasa mama mtamwandika kachanganyikiwa?"

"Nani kasema? Mwakani atafanya vizuri tu. Wewe uwe unamkumbushakumbusha."

"Nimkumbushe nini sasa, na mimi sijui kitu?"

Nilikuwa na bahasha kuukuu mkobani. Nikamwandikia maneno yote kumi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini, na nikamwongezea kwamba Daktari wetu akifanikiwa na wazee hawa, atachukuliwa kwenda mbele zaidi. Hakuna aliyenilazimisha. Mama yangu mzazi alikufa akionea aibu kusahau, nikamwonea yule bibi huruma, basi. Wema wangu wote ni wa namna hiyo, unatoka haraka kabla akili haijavaa viatu.

Bombani hakuna siri. Foleni ni ndefu, ndoo zinajaa taratibu, na maneno kumi si mzigo wa kumshinda mtu kuubeba nyumbani.

Je, sikujua? Nilijua nusu. Mwaka wa pili Bibi Cherehani alitaja manane, na mkwe wake akanikonyeza, nami nikafurahi naye. Nilidhani ni nyumba moja. Mwaka wa tatu mzee mmoja, fundi viatu, aliyataja yote kumi kwa mpangilio uleule bila kuvuta pumzi, nikajisemea, kumbe wazee hawa wana vichwa. Mtu asiyetaka kuona, hata umnunulie miwani. Saa walizochora ndizo zilizosema kweli. Kila mwaka namba zilizidi kubanana upande mmoja wa duara, na za Bibi Cherehani zilikuja kutoka nje ya saa kabisa zikashuka mpaka chini ya karatasi. Daktari alizipeleka kwa Profesa akiwa na wasiwasi. "Hayo ni macho," alisema Profesa, "na mikono ya uzee. Tazama maneno! Ubongo wa miaka themanini unapanda!"

Barua mia moja zilibaki kabatini. Hakuna mzee hata mmoja aliyepungukiwa.

Mwaka wa tano jibu la ombi lake la tatu likaja, na salamu yake ilikuwa fupi. Kituo kimoja kikubwa cha afya ya ubongo kilikuwa na nafasi moja, miaka miwili, ya kuchunguza kwa nini bongo nyingine zinakataa kuzeeka, nao walimtaka yeye. Mkuu wa kituo aliandika: "Tuna hamu ya kuijua siri ya mtaa wako." Masharti yalikuwa mawili. Afanye mzunguko wa tano, na athibitishe kuja kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nilicheza katikati ya makabati mpaka kiatu kikanitoka. Daktari alikuwa mtu wa kutabasamu kwa mdomo uliofungwa, lakini siku hiyo alicheka mpaka nikaona magego yake. Nyumbani kwao mama yake alimfulia lile koti la kijani, akalipeleka kwa fundi likawekwa zipu mpya.

Tukaanza mzunguko wa tano, na kwa kuwa orodha ilianza na Bibi Cherehani, tukaanza kwake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Bibi alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, shuka miguuni.

"Shikamoo, bibi," alisema Daktari akiinama.

Bibi alimtazama. Alikunja uso akitafuta kitu, nasi tukasubiri marahaba.

"Pazia," alisema bibi. "Mbuzi. Chumvi. Daraja. Barua. Kisigino. Ufagio. Radi. Mgeni. Sabuni." Akamaliza, akamgeukia mkwe wake akingoja kusifiwa.

Mimi nilicheka. Nilicheka kwa woga, lakini nilicheka. Daktari alibaki ameinama vilevile.

"Bibi, mimi ni nani?"

"Pazia," bibi akaanza tena.

Mkwe alipiga makofi. "Umeona mwenyewe! Mwaka huu hata hujamsomea!"

"Maneno haya umeyapata wapi?" aliuliza Daktari, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Yule mwanamke akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, yenye ufa uliotoka mguu wa meza mpaka mlangoni, naukumbuka wote.

"Haa, Daktari, hayo mbona mtaa mzima unayo," alisema. "Watoto wanayaimba wakiruka kamba. Sisi tunamfanyisha asubuhi na jioni. Kwa fundi viatu, mzee hapewi chakula mpaka ayataje. Tulisikia safari yako iko mikononi mwa wazee, tukasema hatumwangushi mtoto wa mwenzetu."

"Na bibi anaendeleaje? Kweli kabisa."

"Kweli?" Sauti ya bombani ikamtoka. "Kutembea anaburuta miguu kama sakafu ina gundi. Haja ndogo anajiendea. Mwaka wa pili huu. Mume wangu anamwita, mama, mama, anamwangalia tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Daktari, na wewe ulikuwa unaandika kumi?"

Daktari alimpeleka bibi hospitali siku ileile, kwa barua ya kwanza kati ya zile mia. Wakampiga picha. Daktari wa kliniki, huyu wa koti jeupe, alituita koridoni akatuonyesha kivuli cheusi katikati ya ubongo. Yalikuwa maji. Maji yamejaa kichwani polepole, yanaukandamiza ubongo, na dalili zake ndizo hizo, miguu, mkojo na kusahau. "Huu ni ugonjwa mmoja kati ya yale machache yanayotibika," alisema. "Unaweka mrija, maji yanashuka, mtu anarudi. Lakini si akiwa amefika hapa. Angeletwa miaka miwili iliyopita..." Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini yule bibi hakuficha chochote. Alifichwa.

Wiki ile Daktari alitunga orodha nyingine ya maneno, tukaenda nyumba kumi na moja. Katika nane kati ya hizo, wazee waliposomewa maneno mapya, walijibu kwa yale ya zamani. Fundi viatu aliyataja yote kumi, akaomba chakula.

Nilijua sasa ni wakati wa kusema. Nilijiambia nitasema tukitoka kwa fundi viatu. Kisha nikajiambia kesho. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshaanza kutambaa.

Profesa alimsikiliza akiwa amesimama dirishani. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa mezani kwangu.

"Nenda kwanza," alimwambia. "Ukifika ukatulia, utasema umegundua dosari. Ukweli hauozi."

"Wakiniuliza siri ya mtaa?"

"Sema unaendelea kuchunguza. Sisi sote tunaendelea kuchunguza."

"Profesa, wazee hawa walipaswa kupelekwa hospitali. Miaka minne nimekuwa nikiwaandika wazima."

"Na ukikaa hapa watapona? Umri wako wa kuomba umekwisha, binti. Hakuna mwaka wa sita."

Alipotoka, mimi pia nilimwambia aende. Nilimbembeleza. Nilimwambia nafasi haiji mara mbili, mama yake anamtegemea, ameteseka vya kutosha. Yote yalikuwa kweli, na nilikuwa nayasema kwa ajili yangu. Akienda, hakuna atakayekuja kuuliza habari ya bahasha.

Ijumaa alikuja saa tatu, akavuta kiti mbele ya meza yangu kama alivyozoea. Kwa kuwa mimi huchapa upesi, barua zake zote alinitamkia. Nilidhani ni barua ya kukubali, nikaanza na tarehe na salamu kwa moyo mwepesi.

"Andika: nasikitika kuwaarifu kwamba siwezi kuichukua nafasi hii. Matokeo niliyowaletea si sahihi."

Nikaandika. Akaeleza habari ya mtaa, ya wazee kukaririshwa, ya nyumba kumi na moja. Hakumtaja Profesa. Hakumlaumu yule mkwe. Alitaka, popote watakapoiandika habari hii, waseme kwamba familia zilitenda kwa upendo. Kisha akasugua macho.

"Andika: chanzo ni mimi. Niliacha karatasi ya maneno katika mojawapo ya nyumba kwa uzembe wangu."

Vidole vyangu vikasimama.

"Uliiacha lini?"

"Sijui, dada. Nimepekua kumbukumbu zangu zote, sioni. Lakini kule mtaani karatasi tulikuwa nazo mimi na wewe tu, na wewe huachi hata kalamu. Basi ni mimi." Akajaribu kutabasamu. "Mtafiti wa kusahau aliyesahau karatasi. Andika tu."

Kibodi ilikuwa mbele yangu. Mdomo ulikuwa wangu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, nina jina zuri katika jengo lile lote, na zaidi ya hayo nilikuwa naogopa uso wake. Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaandika *kwa uzembe wangu*, nikaweka nukta. Akasoma, akanishukuru kwamba sina kosa hata moja la chapa, akatuma.

Walijibu baada ya siku tatu, mistari mitatu. Waliheshimu ukweli wake. Nafasi wamempa mwingine. Na kwa kuwa mwenyewe amekiri uzembe katika kutunza nyaraka, wanalazimika kuiarifu kamati ya maadili ya chuo chake. Kosa la familia wangelielewa, nadhani. La mtafiti hapana. Kamati ikaufunga utafiti, na utafiti ulipofungwa, kliniki ikaacha kupokea zile barua. Daktari aliendelea kuziandika kwa mkono, jina moja moja, akawapa ndugu wajaribu bahati. Wakarudishwa kwenye foleni ya kawaida, na foleni ya kawaida wazee wale hawaiwezi. Bibi Cherehani alifariki kabla ya mvua. Mkwe wake alinipigia simu kunijulisha, akaongeza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba habari ya ile bahasha hajamwambia mtu na hatamwambia.

Mkataba wa Daktari haukuongezwa. Siku hizi anafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, vipindi ishirini na nane kwa wiki, na vitabu vyake vya ubongo viko chini ya kitanda kwao. Jumamosi moja alinialika. Nilitaka kukataa, sikupata sababu. Nyumba ni vyumba viwili, bomba la jikoni bado ni lile alilofunga baba yake. Mama yake alikuwa amepika, ametandika kitambaa safi mezani, na aliponyanyuka kunipokea Daktari alimshika bega.

"Mama, huyu ndiye dada niliyekuwa nakusimulia. Wote walinikimbia, yeye hakunitupa."

Yule mama alinishika mikono yote miwili, akaibana, akanitazama usoni muda mrefu.

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema, "kwa yote uliyomtendea huyu mtoto."

Nikaitikia amina.